Udongo Usiopita Motoni: Ujenzi wa Arua na Koboko

Katika miezi ya kiangazi, baina ya Desemba na Machi, mtu asafiriye kwa barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hata ikaishia Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, aghalabu huona, hasa penye mabonde ya vijito ambako udongo wa mfinyanzi ni mwingi, marundo makubwa ya matofali mabichi yaliyopangwa kwa ustadi, yakakandikwa tope kwa nje, na chini yake yakaachiwa vinywa ambamo magogo huwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Hayo ndiyo matanuu ya matofali ya West Nile, pembe ya kaskazini magharibi ya Uganda, na nyumba nyingi ambazo watu wa nchi hiyo huziita nyumba za kudumu, iwe ni duka la Arua mjini, iwe ni skuli ya serikali au kanisa au msikiti wa kijijini, zimetoka katika matanuu kama hayo. Moto huo ndio ninaotaka msomaji autazame pamoja nami, kwani naamini kuwa mengi ya kheri na ya shari katika ujenzi wa nchi ile, zama hizi za mabadiliko ya tabianchi, yamo ndani yake.

Tofali huchomwa kwa sababu iliyo dhahiri. Udongo uliokaushwa juani ukinyeshewa mvua hurudi kuwa tope, kwa maana maji yaliyotolewa na jua huweza kurejeshwa na mvua. Lakini udongo huo huo ukipashwa moto unaopita nyuzi 500 au 600 za Selsiasi hupoteza maji yaliyofungamana na dhati yake yenyewe, na ukizidi kupashwa hadi nyuzi 900 na zaidi, chembe zake hushikana zikawa kitu kipya kisichoyeyuka tena. Hiyo ni hekima kongwe, na sina nia ya kuidharau. Taabu yake ni kwamba tanuu la wazi, lisilo na kuta zake mahsusi wala dohani, hupoteza sehemu kubwa ya harara yake hewani: matofali ya katikati huiva, ya pembeni hubaki nusu mabichi, na fundi, ili ya pembeni nayo yapate kuiva, hana hila ila kuongeza kuni juu ya kuni.

Na kuni hizo hutoka wapi? Zamani zilitoka katika miti ya asili ya vichaka na nyika. Kisha zikatoka katika mikaratusi iliyopandwa, ambayo mingi ilipandwa kwa ajili ya tumbaku, maana West Nile kwa miaka mingi imelima tumbaku na kuikausha kwa moto. Na leo hutoka popote zinapopatikana, hata katika miembe na katika mti wa mafuta ya shea, ambao kokwa zake ni chakula na pato la kina mama wa kaskazini. Uganda nzima ilihesabiwa kuwa na misitu asilimia 24 ya nchi kavu mwaka 1990, na kufikia mwaka 2015 ikabaki asilimia 9 tu. Zipo sababu nyingi za upungufu huo, kilimo kikiwa mbele, lakini tanuu la matofali lina fungu lake. Mti uliokatwa na mwingine ukapandwa mahali pake hurudisha ndani ya shina lake ile hewa ya ukaa iliyotoka motoni. Mti uliokatwa bila ya badala ni deni lililoachiwa watoto.

Wengine watasema: tuache matofali ya kuchoma, tujenge kwa saruji. Hapa inafaa nieleze kwa utuvu kidogo, kwa sababu wasomaji wengi hudhani kuwa saruji, maadamu haionekani ikitoa moshi katika kiwanja cha ujenzi, haina dhambi yoyote. Saruji hufanywa kwa jiwe la chokaa lililosagwa, likachanganywa na udongo, kisha likatiwa katika tanuu lizungukalo ambalo joto lake hufika nyuzi 1,450. Jiwe la chokaa, kwa asili yake, limeibeba hewa ya ukaa ndani yake tangu zama za bahari kongwe. Linapopashwa moto hadi kukaribia nyuzi 900, hewa hiyo huachana nalo na kupaa. Kwa hiyo, hata kama kiwanda kingewashwa kwa nguvu za jua tupu, jiwe lenyewe lingeendelea kutoa hewa hiyo, na sehemu iliyo zaidi ya nusu ya hewa chafu ya saruji hutoka katika jiwe hilo wala si katika makaa. Saruji peke yake huhesabiwa kuwa chanzo cha asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa yote itolewayo na wanadamu, na majengo kwa jumla, yaani kuyajenga na kuyatumia, kuyapoza na kuyapasha moto na kuyatia nuru, hubeba zaidi ya thuluthi moja.

Fauka ya hayo, saruji ya Arua haichimbwi Arua. Viwanda vya zamani vya Uganda viko Tororo, kwenye mpaka wa Kenya, na Hima, karibu na Kasese chini ya milima ya Ruwenzori. Na mfuko wa kilo 50 uendao West Nile husafiri mamia ya kilomita kwa lori, aghalabu ukavuka Nile mara mbili, Karuma kisha Pakwach. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yalilazimika kuzunguka njia za mbali, na kila ajengaye huko akakumbushwa kwamba nyumba yake inategemea daraja moja lililo mbali na kwake.

Sasa tuirudie historia kidogo, kwani bila yake hatutaelewa kwa nini udongo umedharauliwa. West Nile iliingia katika Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa chini ya Leopold wa Ubelgiji katika ile nchi ya Lado, kisha chini ya Sudan. Na mwaka huo huo mtawala wa Kiingereza A. E. Weatherhead akaweka kituo chake Arua. Walugbara wa nyanda za Arua na Wakakwa wa Koboko walikuwa na nyumba za duara: nguzo na fito zilizosukwa, kiambaza cha udongo uliokandwa kwa miguu, paa la nyasi lililoshuka chini hata likafanya upenu, na sakafu iliyosiribwa ikang'ara. John Middleton, mwanachuoni wa Kiingereza aliyekaa na Walugbara baina ya mwaka 1949 na 1952, na ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri juu ya Waswahili wa pwani, ameeleza kwa mapana jinsi jamaa za Kilugbara zilivyokaa katika maboma yaliyoenea juu ya vilima vya nchi ile. Nyumba kama hiyo ilitoka ardhini, na siku ilipoachwa ilirudi ardhini, pasipo kuacha kifusi.

Lakini jengo la mtawala, na la misheni, na la mfanyabiashara, lilikuwa la pembe nne, la tofali lililochomwa na bati lililometa. Tangu hapo tofali jekundu likawa alama ya kuendelea, na kiambaza kikawa alama ya ufukara. Hata sensa za serikali, zinapoigawa nyumba katika ile ya kudumu na isiyo ya kudumu, hutazama paa na ukuta na sakafu, na tofali bichi lililojengwa kwa tope halihesabiwi miongoni mwa vitu vya kudumu. Simlaumu mtu anayetaka nyumba ya tofali la kuchoma. Mama aliyeziba nyufa za kiambaza kila msimu wa mvua miaka thelathini, akapigana na mchwa waliopanda katika fito, akaamka usiku kuhamisha vyakula kwa sababu paa linavuja, ana haki ya kutamani ukuta usiomtaka chochote. Mjenzi yeyote atakayekuja na maneno ya tabianchi, asimjibu mama huyu, hatapata msikilizaji, wala hastahili kumpata.

Mwaka 2016 mambo yakazidi uzito. Vita vya Sudan Kusini vilipowaka upya mwezi wa Julai, watu wakamiminika kuvuka mpaka, na katika wilaya ya Yumbe, jirani ya mashariki ya Koboko, kukafunguliwa makazi ya Bidi Bidi, ambayo kwa miezi michache tu yalipokea watu zaidi ya 270,000 yakawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Rhino Camp na Imvepi, ambazo wakati ule zilikuwa ndani ya wilaya ya Arua, zikajaa. Na Lobule, katika Koboko, tayari ilikuwa imewapokea wakimbizi wa Kongo. Uganda, na hili ni la kusifiwa, haikuwafungia wageni ndani ya seng'enge. Iliwapa viwanja walime na wajenge. Mkimbizi alianza na miti na turubai la plastiki, halafu, mvua ya kwanza ilipopita, akafyatua matofali yake mwenyewe na kusimamisha tukul yake, kama wanavyoiita kwa Kiarabu cha Juba. Papo hapo kila jamaa, ya mgeni na ya mwenyeji, ilihitaji kuni za kupikia, na ugomvi wa kuni ukaingia baina ya watu ambao wengine ni wa lugha moja na ukoo mmoja. Katika hali hiyo kila gogo lililotiwa katika tanuu la matofali ni gogo lililotolewa chini ya chungu cha mtu. Nimelitafakari sana jambo hili, na naona kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote ya kujenga bila moto katika West Nile haitoki katika mikutano ya kimataifa, inatoka jikoni.

Basi kuna njia gani? Ipo moja ambayo Uganda ina haki ya kujivunia kwayo. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá, Kolombia, muhandisi Raúl Ramírez alibuni mashine ndogo ya chuma, yenye mkono mrefu, ambayo mtu mmoja huweza kuitumia kushindilia udongo ndani ya kalibu hata ukawa tofali gumu. Mashine hiyo, iliyoitwa CINVA-Ram, ikaenea duniani. Katika miaka ya 1990, Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliiboresha fikra hiyo, akalipa tofali matuta na mifuo ili vipande vishikane vyenyewe kwa vyenyewe, na akatengeneza pia kalibu ya kupinda ambayo kwayo hujengwa matangi ya maji na vyoo vya duara. Tanzania huyaita matofali ya kufungamana, na jina hilo linafaa. Mwaka 2009 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lilichapisha kitabu kizima juu ya matofali hayo na matumizi yake nchini Uganda.

Namna ya kuyafanya ni hii. Kwanza huondolewa udongo wa juu wenye majani na mizizi iliyooza, kwani huo ni mali ya mkulima na haufai kujengea. Kisha huchimbwa udongo mwekundu wa chini, ule wa moramu, ambao West Nile inao tele. Haufai kila udongo. Ulio na mfinyanzi mwingi mno huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ulio mchanga mtupu haushikani. Hivyo fundi huujaribu kabla ya yote. Huujaza, ukiwa mbichi, katika kisanduku chembamba cha urefu wa sentimita 60, akauacha ukauke kivulini, kisha akapima umejikunja kwa kiasi gani. Kutokana na kipimo hicho hujua kama autie mchanga, na autie saruji kiasi gani. Saruji itakiwayo ni kidogo, baina ya asilimia 5 na 10 kwa kawaida. Udongo huchekechwa, huchanganywa na saruji ungali mkavu, ndipo hunyunyiziwa maji, na hapo jicho la fundi ndilo mizani: huchukua donge, akalifinya mkononi, akaliachia lianguke kutoka usawa wa bega, likitawanyika kama vumbi maji ni machache, likibaki donge moja maji yamezidi, likivunjika vipande vichache ni sawasawa. Kisha mchanganyiko hutiwa katika mashine, mkono ukashushwa, na tofali likatoka limekamilika umbo lake, urefu wa sentimita 26 na nusu, upana 14 na kimo 10.

Jambo la baada ya hapo ndilo wengi wanaloharibu. Tofali hili halitaki jua. Lataka kivuli, lifunikwe kwa nyasi au nailoni, linyunyiziwe maji kila siku kwa juma la kwanza angalau, na lisubiriwe siku 28 kabla ya kutegemewa kubeba jengo, kwa sababu saruji haikauki tu, bali hujenga nguvu zake kwa kunywa maji polepole. Mahali ambapo kisima kiko mbali na mwenye nyumba ana haraka, siku hizo 28 huwa kumi, na maji ya kila siku huwa ya siku mbili tu. Halafu ukuta ukianza kumomonyoka pembe, watu husema kwamba tofali la udongo ni la ovyo. Kosa hilo ni la kuvunja subira, wala si la udongo.

Na hesabu yake? Mita moja ya mraba ya ukuta hutaka vipande vipatavyo 35, na mfuko mmoja wa saruji hutosha vipande mia moja hivi. Nyumba ndogo ambayo kuta zake ni mita 40 za mraba itataka basi vipande 1,400, yaani mifuko 14 ya saruji, na kuni haitaki hata ukuni mmoja. Ukuta wa matofali ya kuchoma nao hutumia saruji, jambo ambalo watu hulisahau: matofali ya tanuu la wazi huwa yamepindapinda, hayalingani, na mwashi hulazimika kuyajaziliza kwa tabaka nene la mchanga na saruji, kisha akaupiga ukuta lipu ndani na nje ili aibu isionekane. Tofali la kufungamana limenyooka, laweza kujengwa kwa saruji kidogo baina ya vipande au bila yoyote, na ukuta wake mara nyingi huachwa wazi kwa uzuri wake. Lakini insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Fundi asiyepima, akatia saruji asilimia 10 mahali ambapo 5 zingetosha, amepoteza sehemu kubwa ya faida ile, na tofali lake, kwa hewa ya ukaa, laweza kukaribia lile alilolikimbia. Faida haimo ndani ya mashine. Imo ndani ya kipimo.

Kwa muda mrefu matofali haya yalijulikana kwa vyoo, matangi na vyumba vya walimu, kazi njema zote, ila si kazi za kumfanya kijana aseme, nami nataka nyumba kama ile. Ndiyo maana naliona jengo la sanaa na muziki la Bidi Bidi kuwa tukio kubwa. Lilichorwa na kampuni ya Hassell, iliyoanzia Australia, kwa ushirika na Localworks ya Kampala, na likakamilika mwaka 2023. Kuta zake ni za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa pale pale kiwanjani. Umbo lake ni la duara, likiwakumbusha watu mkutano chini ya mti. Na paa lake la chuma limeinamishwa kuelekea ndani, kama faneli kubwa, likayakusanya maji ya mvua na kuyahifadhi kwa ajili ya watu na bustani. Ndani yake vijana wa Sudan Kusini na wenyeji wa Yumbe hupiga muziki na kurekodi sauti zao. Mtu aliyekimbia vita, akalala chini ya turubai, huingia sasa katika jengo zuri lililotoka katika udongo ule ule anaoukanyaga. Na heshima ambayo tofali jekundu liliipokonya udongo, nasema kwa yakini, imeanza kurudi.

Haikurudi hapo tu. Entebbe, kwenye ufuo wa ziwa Viktoria, shirika la Kitaliano la Emergency lilifungua mwezi wa Aprili 2021 hospitali ya upasuaji wa watoto ambayo mchoraji wake ni Renzo Piano, mmoja wa mashuhuri wa dunia, na kuta zake nene ni za udongo uliochimbwa hapo na kushindiliwa tabaka juu ya tabaka. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyejenga skuli ya kijiji chake cha Gando kwa udongo mwaka 2001, alipata tuzo la Pritzker la usanifu wa majengo mwaka 2022, akiwa Mwafrika wa kwanza kulipata. Na Waswahili walioishi Oman wanaijua ngome ya Bahla, iliyojengwa kwa udongo usiochomwa, ambayo imesimama karne kwa karne na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1987. Ingawa lazima niongeze kwamba mwaka uliofuata ilitiwa katika orodha ya mali zilizo hatarini, na matengenezo yake yalichukua miaka mingi. Udongo hudumu kwa atakayeutunza.

Hapa nataka kuwaonya ndugu zangu wa pwani, nami nikiwa mmoja wao kwa mapenzi, tusije tukadhani kwamba kila cha zamani ni safi. Nyumba zetu za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, ambazo upana wa vyumba vyake uliamriwa na urefu wa boriti za mikoko, zilishikanishwa kwa chokaa iliyochomwa juu ya marundo makubwa ya magogo, na chokaa hiyo nayo ni jiwe lililotolewa hewa yake ya ukaa kwa moto. Mikoko ilipelekwa kwa majahazi hadi Uarabuni kwa karne nyingi, hata Kenya ikapiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama kitu hiki ni cha mababu au cha kisasa, ila ni mti gani umekatwa, jiwe gani limechomwa, na kimesafiri kutoka wapi.

Limebaki paa, na hapa sina jawabu jepesi. Nyasi ni bora kwa ubaridi, na hakuna aliyelala chini ya bati mchana wa Februari katika Koboko atakayelibishia hilo. Lakini nyasi ndefu zimekuwa adimu, kwani mahali pake pamelimwa au pamechomwa moto, paa lake lataka kuezekwa upya baada ya miaka michache, na cheche moja humaliza kila kitu. Msiba wa makaburi ya Kasubi, Kampala, yaliyoungua Machi 2010, haujasahauliwa. Bati limeshinda, na litaendelea kushinda. Tunaloweza kudai ni kwamba bati lijengwe kwa akili: paa liinuliwe ili hewa ipite chini yake, dari iwekwe hata kama ni ya mikeka au matete, madirisha yatazamane ili upepo uvuke, kenchi zifungwe barabara ukutani kwa maana tufani za mwanzo wa masika huko hung'oa mapaa ya skuli kila mara, na upenu uwe mpana. Upenu hasa. Ukuta wa udongo wenye msingi ulioinuka kutoka ardhini na upenu wa kuuzuia mvua hudumu kuliko mmiliki wake; ukuta huo huo ukinyimwa upenu, ili kuokoa mabati mawili, utaliwa na mvua miaka michache ijayo. Inanisikitisha kuona majengo mapya mengi yamekatwa upenu kwa sababu ndivyo yalivyo katika picha za miji ya mbali.

Ipo hoja nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya wafyatuaji matofali wenyewe. Kando ya mto Enyau na katika mabonde ya Koboko wako vijana ambao pato lao la kiangazi, karo za wadogo zao na mahari zao zimo ndani ya matanuu yale. Kuyapiga marufuku kwa tangazo la baraza la mji ni kuwahukumu wasio na kosa, na marufuku yenyewe hayatafuatwa. Matanuu yatahama tu, yasogee mbali zaidi na macho ya askari na karibu zaidi na miti iliyobaki. Vijana hao wanajua udongo kuliko muhandisi yeyote atakayetumwa kutoka Kampala: wanajua bonde lipi lina mfinyanzi, mahali gani udongo hupasuka, mwezi gani wa kufyatua na mwezi gani wa kuacha. Maarifa hayo ndiyo nusu ya kazi ya matofali ya kufungamana, na nusu ya pili, yaani kutumia mashine, kipimo cha saruji na subira ya siku 28, hufundishika kwa muda mfupi.

Wanachokosa ni mtaji wa mashine na mnunuzi wa hakika. Mtu mmoja ajengaye nyumba yake hawezi kuwa mnunuzi huyo, kwa sababu hujenga kidogo kidogo, chumba mwaka huu na chumba mwaka ujao. Anayeweza ni serikali ya mji na wilaya. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020, na Koboko imekuwa wilaya yenye kujisimamia tangu mwaka 2005. Zote mbili hujenga madarasa, zahanati, nyumba za walimu na masoko, na mara nyingi hati ya zabuni humtaka mkandarasi alete matofali ya kuchoma, ama kwa kuyataja ama kwa mazoea. Hati hiyo hiyo yaweza kuandikwa upya, iruhusu tofali la udongo lililoshindiliwa, itaje nguvu linayopaswa kuwa nayo na namna ya kulipima kabla ya kupokewa, itenge fedha za tangi la maji ya kunyunyizia na za kivuli cha kuanikia, na imtake mkandarasi awaajiri wafyatuaji wa mahali hapo. Mashine moja ya mkono, kundi la watu wachache likizoeana nayo, hutoa vipande 400 hadi 500 kwa siku. Basi skuli moja ya Arua na moja ya Koboko zingetosha kuyapa kazi makundi mawili kiangazi kizima, na ukuta wa darasa ungekuwa umesimama kabla ya masika, pasipo tanuu hata moja kuwashwa kwa ajili yake.